Kabla ya kukata fremu, iwashe kwanza

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Umeuliza uanzie wapi na pikipiki Honda CD175 ya marehemu baba iliyolala stoo miaka kumi, na kama ukate fremu nyuma uweke kiti kifupi. Grinda iweke mbali kwanza.

Usipige kiki. Fungua plagi zote mbili, mimina oili kidogo kila silinda, iache usiku kucha. Kesho yake tia gia ya juu, sukuma gurudumu la nyuma polepole. Injini ikigoma kuzunguka, usilazimishe, ongeza oili, subiri tena. Mimi niliwahi kulazimisha, nikavunja ringi ya pistoni kwa haraka ya dakika tano.

Tanki likitoa unga mwekundu, lijaze siki siku nzima, suuza, likaushe vizuri. Kabureta ndiyo yenye kazi: petroli iliyooza huacha gundi ndani ya jeti, kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli. Ishike jeti juu kwenye mwanga. Usipoona kitobo cha duara safi, bado. Izibue kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba, kamwe si sindano, maana itapanua tundu. Platini, zile ncha za swichi inayoleta cheche kwenye plagi, zisugue kidogo, uwazi uwe milimita 0.3 hadi 0.4. Umeme wake ni volti 6, basi usichomeke betri ya 12.

Matairi na viatu vya breki, badilisha tu.

Kuhusu kiti: kinafungwa kwa bolti bila kukata chochote. Fremu ikishakatwa haina kurudi, na ile ni ya mzee.