Hewa ya Mirihi ni nyembamba, lakini ipo

SWALI: Kwa mradi wangu wa mwisho chuoni natengeneza modeli ya kompyuta ya suti ya mwanaanga wa Mirihi. Tabaka za kuhami joto nimeziiga kutoka suti za Apollo, zilizovaliwa Mwezini. Nje nimeweka nyuzi −60, lakini mwanaanga anapoteza wati 12 tu na mwili unazidi kupanda joto. Wenzangu wanasema nipandishe emisiviti (kipimo cha jinsi uso unavyotoa joto kwa mnururisho, yaani kwa miale) mpaka matokeo yakae sawa. Niiweke ngapi?

JIBU: Usiiguse. Emisiviti yako haina kosa. Kinachokosekana ni gesi.

Kosa hili nalikuta karibu kila modeli ya Mirihi ninayoletewa, na linaniudhi. Watu wanasikia kanieneo ya kule haifiki asilimia 1 ya ya hapa duniani, basi wanaihesabu hewa kuwa sifuri. Sivyo! Kanieneo ikishuka, molekuli hupungua, lakini kila moja husafiri mbali zaidi kabla ya kugonga nyingine, hivyo uwezo wa gesi kupitisha joto unabaki karibu uleule. Huanza kushuka pale tu uwazi kati ya tabaka unapokaribia urefu wa mwendo huo. Kwenye paskali 600 za Mirihi, mwendo huo ni mikromita chache, na uwazi kati ya karatasi za Mylar (plastiki nyembamba za tabaka zako) ni mkubwa kuliko hapo mara nyingi. Mwezini mna ombwe humo. Mirihi panajaa kabonidayoksaidi.

Chukua kalamu. Gesi hiyo kwenye baridi hupitisha joto kwa takriban 0.01 W/mK. Unene wa tabaka zote milimita 5, eneo mita 2 za mraba, tofauti nyuzi 80: wati 320. Hata ukinzani wa upande wa nje ukizipunguza kwa nusu, zinabaki 160, na mtu aliyesimama kupumzika hutoa wati 100 hivi tu. Huyo wako hapati joto, anapigwa na baridi.

Ushauri wa wenzako ndio unaonitia hofu zaidi, maana umeenea: kuchezea namba hadi picha ya rangi ipendeze. Mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto, gesi hufuata tofauti ya halijoto tu. Emisiviti uliyoilazimisha kwenye −60 itakudanganya mchana kwenye ikweta, ambako joto hufika karibu nyuzi 20. Programu haitakuonya, itakuchorea tu.

Weka gesi kama njia ya pili ya joto, sambamba na mnururisho. Kisha endesha modeli mara mbili, kwa ombwe na kwa paskali 600; majibu yakifanana, gesi bado haijaingia.