Maswali ya Wasomaji: Meya Anayetetea Kiti na Shughuli za Wananchi

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni meya wa mji mdogo ambaye muhula wake unaelekea ukingoni, anayetaka kurudi madarakani, na ambaye kwa sasa hakosekani katika shughuli yoyote ya wananchi. Tumezifupisha bila kugusa kiini chake.

SWALI: Ndugu Mhariri, meya wetu anatetea kiti chake. Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa shida kumpata hata ofisini, lakini tangu tarehe ya uchaguzi itangazwe hakosi msibani, hakosi fainali za mpira wa vijana, na majuzi alishuka mwenyewe mtaroni akiwa amevaa buti za mpira, akashika koleo na kuzoa tope pamoja nasi huku akipigwa picha. Wapo wanaomwita mnafiki. Wapo wanaosema afadhali yeye aliyekuja, maana washindani wake hatujawaona kabisa. Tope tulilolitoa bado limelundikana ukingoni mwa mtaro, na mvua imeanza kulirudisha ndani. Nimpime kwa kipimo gani?

JIBU: Ndugu msomaji, uzito wa barua yako umo katika lile tope la ukingoni, na nitaanzia hapo kabla ya kuzungumzia unafiki. Kuzoa tope ni kazi ambayo kila aliyekuwapo angeweza kuifanya, na bila shaka wengi wenu mliifanya vizuri kuliko yeye. Lakini kati yenu nyote, meya ndiye pekee aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ofisini kwake, siku moja kabla, ni lori gani litakalobeba tope hilo na litakwenda kulimwaga wapi; na ndiye pekee aliyeweza, miezi mingi kabla ya hapo, kusimama katika baraza na kudai kwamba usafishaji wa mitaro uwe na kifungu chake katika bajeti badala ya kutegemea hamasa ya siku moja. Lori halikuja. Maana yake ni kwamba ama hakuuliza, ama aliuliza asisikilizwe, na kwa vyovyote vile mna haki ya kumtaka aeleze.

Hata hivyo, tusimwonee, kwa kuwa mameya hawana madaraka yanayolingana. Katika miji mingi midogo ya Marekani inayofuata mfumo uliopata umaarufu baada ya mji wa Dayton, Ohio, kuanza kuutumia mwaka 1914, baraza humwajiri meneja ambaye ndiye anayeendesha idara, kusimamia watumishi na kuandaa bajeti, ilhali meya huongoza vikao na kupiga kura yake moja kama mjumbe mwingine yeyote. Tanzania nayo meya huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao, na mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, ambaye hateuliwi na meya. Kwingineko meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi na ndiye mwenye kalamu ya kuidhinisha matumizi. Kwa hiyo, kabla hujamlaumu wako kwa lori lisilokuja, tafuta kujua kama amri ya lori ni yake. Ikiwa si yake, bado kuna jambo moja ambalo hawezi kulikwepa: angeweza kulipeleka suala la mitaro katika ajenda ya kikao, na kama alilipeleka, muhtasari wa kikao utaonyesha.

Kuhusu unafiki, mimi sitaki kuupa nafasi kubwa, kwa sababu nia ya mtu haipimiki na mjadala wake hauna mwisho. Uchaguzi umewekwa ili aliye madarakani ajue kwamba ipo siku ya kuhojiwa. Akizinduka siku hiyo inapokaribia, basi uchaguzi umetimiza sehemu ya kazi yake. Ubaya ni kwamba anapozinduka hukimbilia yale yanayoonekana. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Marekani William Nordhaus alieleza jinsi serikali inayowinda kura inavyoweza kuuendesha uchumi ufuate kalenda ya uchaguzi, na mwaka 1990 Kenneth Rogoff akajenga hoja kwamba kiongozi wa namna hiyo huelekeza fedha kwenye matumizi yanayoonekana upesi na kuyakimbia yale ambayo manufaa yake huchelewa. Nordhaus alikuwa akizungumzia serikali kuu, lakini mtu aliyeishi katika mji mdogo hahitaji kufundishwa: taa za barabarani huwaka kabla ya kura, na bomba chakavu lililo chini ya ardhi husubiri.

Ukitaka kipimo, basi, usimlinganishe na washindani wake ambao hawajawahi kushika ofisi. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Omba mihutasari ya vikao vya baraza ya mwaka wake wa pili madarakani, mwaka ambao hapakuwa na kura ya kuwinda, na uangalie alihudhuria vingapi, alisema nini na alipigia kura nini. Kisha angalia jinsi anavyopokea malalamiko sasa hivi. Meya anayehudhuria fainali ya mpira akiwa na msaidizi mwenye daftari, anayeandika jina la mlalamikaji, mtaa wake na tarehe, kisha akampelekea jibu hata kama jibu lenyewe ni kwamba haiwezekani, huyo anafanya kazi uwanjani. Anayemshika mtu mkono, akasema «tutaliangalia» na kumgeukia mpiga picha, amekuja kutazama mpira tu, na hilo si kosa, ila lisihesabiwe kuwa utumishi.

Kuhusu misiba nitakuwa mpole. Katika mji mdogo meya ni jirani kabla ya kuwa meya, na mara nyingi ana shughuli nyingine ya kumpatia riziki, watoto wake wanasoma na watoto wenu, na marehemu huenda alikuwa rafiki yake. Akae na wafiwa kama watu wengine. Ninachokikataa ni kupewa kipaza sauti kabla ya familia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi katika kitengo cha habari cha halmashauri. Kila baada ya miezi mitatu tunatoa jarida dogo la mji. Toleo lijalo litatoka wiki chache kabla ya uchaguzi, na msaidizi wa meya ananitaka niongeze kurasa, niweke orodha ya mafanikio ya muhula mzima na picha ya Mstahiki Meya karibu katika kila ukurasa. Anasema ni haki ya wananchi kujua kazi iliyofanywa. Nikatae?

JIBU: Ndugu mtumishi, kwanza soma sheria ya uchaguzi na kanuni za utumishi za nchi yako, kwa kuwa huko ndiko kinga yako iliko. Nchi nyingi zimelitazama jambo hilihili kwa karibu sana, na majibu yao yanafanana kuliko unavyodhani.

Ufaransa, kwa mfano, Kanuni ya Uchaguzi katika kifungu chake L. 52-1 inakataza kampeni yoyote ya kutangaza mafanikio au uendeshaji wa mamlaka ya mji kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa sita kabla ya mwezi wa uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Machi 2020, katazo hilo lilianza tarehe 1 Septemba 2019. Lakini jarida la mji halikufungiwa. Mahakama za huko huuliza kama chapisho hilo lilikuwapo tangu zamani, kama linatoka kwa ratiba yake ya kawaida, na kama sura na lugha yake ni ileile ya siku zote. Jarida lililokuwa na kurasa nane halitakiwi kuwa na ishirini na nne ghafla, na meya aliyezoea kuandika tahariri fupi kuhusu ratiba ya maji hatakiwi kuigeuza kuwa hotuba ya ushindi. Nakushauri ulichukue swali hilo la Wafaransa, hata kama sheria yenu iko kimya, kwa sababu linakuondolea mzigo wa kuhukumu nia ya bosi wako: unalinganisha tu toleo hili na matoleo yaliyopita.

Italia imeenda mbali zaidi. Sheria namba 28 ya mwaka 2000 inazitaka taasisi zote za umma ziache shughuli za mawasiliano tangu uchaguzi unapoitishwa hadi upigaji kura unapofungwa, isipokuwa zile za lazima kwa kazi na zisizotaja mtu. Nayo Brazil haisubiri msimu wa kura: Katiba yake ya mwaka 1988, ibara ya 37, inakataza wakati wote matangazo ya kazi za serikali kubeba majina, alama au picha za kumkweza kiongozi au mtumishi.

Msaidizi wa meya ana hoja moja ya kweli, kwamba wananchi wana haki ya kujua. Haki hiyo itimize kikamilifu. Andika barabara gani ilitengenezwa, kwa kiasi gani, na fedha zilitoka mfuko gani. Andika pia ni miradi gani iliyopangwa ikakwama. Orodha yenye safu hiyo ya mwisho ni taarifa, na ninashuku kwamba ukiipendekeza, hamu ya kuongeza kurasa itapungua. Maagizo ya kuongeza picha yaombe kwa maandishi, kwa adabu, ukisema unahitaji kuyaweka kwenye jalada. Mara nyingi hayatafika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha vijana wanaojitolea kufundisha watoto kusoma. Meya ametuahidi vitabu na jezi, na jezi hizo zitakuwa na jina lake mgongoni. Wenzangu wanasema tuchukue, kwa kuwa baada ya uchaguzi hatutapata kitu. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, muulize fedha ni za nani. Ikiwa ni za halmashauri, vitabu hivyo ni vyenu tangu mwanzo, na vinapaswa kufika kwa utaratibu uleule ambao kikundi kingine chochote kingeufuata, pamoja na barua ya maombi na hati ya makabidhiano, wala hakuna sababu ya jina la mtu kuchapwa juu ya mali ya umma. Ikiwa ni fedha zake mwenyewe na uchaguzi uko karibu, mnaingia mahali penye hatari, kwa upande wake na kwa upande wenu.

Watanzania wanalijua suala hili kwa jina la takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa kile kilichoitwa ukarimu wa kawaida au wa jadi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba, baada ya wanaharakati kupinga kwamba vinafungua mlango wa rushwa na kumbagua mgombea asiye na mali. Brazil nayo, kwa Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1997 pamoja na marekebisho yake, inazuia mamlaka za umma kugawa bure mali au misaada katika mwaka wa uchaguzi, ila kwa dharura au kwa mpango uliowekwa kisheria na ambao tayari ulikuwa ukitekelezwa mwaka uliotangulia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuizingatia: msaada ulioanza kabla unaendelea, ulioibuka msimu wa kura unasimama.

Mwandikieni barua ya shukrani, mwombeni alete ombi la vitabu katika baraza ili liwe kifungu cha kila mwaka, na jezi mwambieni zisubiri. Wenzako watanung'unika, na ninawaelewa, kwa sababu vitabu vilivyo mkononi ni bora kwa mtoto kuliko kifungu kilicho kwenye karatasi. Lakini fikirieni mzazi anayemuunga mkono mshindani wa meya: atamleta mtoto wake darasani ambako mwalimu amevaa jina la mgombea?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfuasi wa meya wetu. Wapinzani wanadai aache kabisa kuhudhuria shughuli za umma hadi uchaguzi upite. Je, dai hilo ni la haki?

JIBU: Hapana. Yeye ni meya hadi muhula uishe, na mji hauwezi kukaa bila mwakilishi kwa sababu tu anagombea. Hata Uingereza, ambako halmashauri huwa na tahadhari kubwa katika wiki za kabla ya kura, shughuli za kawaida huendelea. Kinachokatazwa na sheria ya mwaka 1986 ni halmashauri kutoa chapisho lililokusudiwa kuathiri uungaji mkono wa chama cha siasa.

Lipo jambo moja ambalo wapinzani wangelidai nami ningewaunga mkono, nalo ni uzinduzi wa miradi. Brazil humkataza mgombea yeyote, awe meya au mshindani wake, kuhudhuria uzinduzi wa kazi za umma katika miezi 3 kabla ya kura, na anayekiuka anaweza kupoteza haki ya kugombea au hata ushindi wenyewe. Zahanati ikikamilika ifunguliwe, wagonjwa watibiwe, na utepe ukatwe na muuguzi.

Yanayobaki ni mambo madogo ambayo wewe kama mfuasi wake unaweza kumshauri. Gari la halmashauri limfikishe kwenye shughuli ya mji, kisha lirudi; akitoka hapo kwenda mkutano wa kampeni, aende kwa gari lake. Watumishi wasipangiwe kumsindikiza saa za kazi. Ukumbi wa mji ukodishwe kwake kwa ada ileile anayotozwa mshindani wake, na daftari la kuhifadhi nafasi za ukumbi liwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulisoma.