Maswali ya jikoni: Tambi za nazi na mchicha, sufuria moja tu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana naishi geto huku Mbagala, nina mtungi mdogo wa gesi ule wa kilo 6 wenye jiko lake juu, na sufuria moja pana. Nikitoka kazini saa mbili usiku nataka kitu cha chapchap. Nimejaribu tambi, mchicha na tui vyote kwa pamoja nikafunika, tui likakatika, mafuta juu maji chini. Mara ya pili nikachemsha tambi peke yake nikamwaga maji, nikaja kuunga, zikatoka kavu na mchicha umekuwa mweusi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yale maji uliyomwaga ndo yalikuwa rojo lako. Tambi zikichemka zinatoa wanga kwenye maji, na huo wanga ndo unashika tui na nyanya vikawa kitu kimoja kizito, sasa wewe umeupeleka kwenye sinki halafu unategemea tui lifanye kazi peke yake.

Chukua nusu ya ile pakiti ya gramu 500, yani gramu 250, inatosha watu wawili wenye njaa. Kaanga kitunguu maji kwa mafuta kidogo, saumu, nyanya mbili mpaka zilainike kabisa, alafu mimina tui la pili, lile jepesi, vikombe vitatu. Kama unatumia tui la kopo usihangaike, nusu kikombe kwenye vikombe viwili na nusu vya maji, linalobaki weka pembeni. Likianza kuchemka vunja tambi katikati zilaze humo, na dakika mbili za mwanzo usiondoke hapo, koroga, maana hapo ndo zinaposhikana na kuganda chini. Chumvi weka kidogo sana mwanzoni, kwa sababu hakuna maji utakayomwaga na yakipungua chumvi yote inabaki kwenye chakula, wengi wanaharibu hapa.

Usifunike, moto wa kati, dakika kumi hivi, ukigeuza geuza. Ikikauka kabla tambi hazijaiva ongeza maji ya moto kidogo kidogo.

Mchicha uwe umeshauosha maji mara tatu, mchanga wa mchicha unaujua mwenyewe, osha kabla ya kukata na uchuje vizuri. Unaingia dakika mbili za mwisho tu. Utaona unanywea huku rangi bado ni ya kijani kibichi, hapo hapo punguza moto mpaka chini kabisa, mimina tui zito, koroga taratibu, lisichemke kwa nguvu. Tui lako lilikatika kwa sababu lilitokota muda mrefu ndani ya mfuniko.

Kujua kama imefika, pitisha mwiko chini ya sufuria, uache mstari. Mstari ukijifunga haraka bado ni supu, ukijifunga polepole zima gesi. Usisubiri ukauke, tambi zinaendelea kunywa hata zikiwa kwenye sahani, kwa hiyo ipua zikiwa bado rojorojo kidogo. Ndimu kamulia mezani. Mi binafsi natumbukiza pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka pamoja na tambi, harufu yake na nazi jamani, hainiishi hamu!

SWALI: Mama habari yako, niko Nairobi, nazi huku ni bei na nimezoea sukuma. Naeza tumia maziwa?

JIBU: Nzuri mwanangu. Unaweza kabisa, ila maziwa hayapendi ukali, kwa hiyo nyanya iwe moja tu na ndimu uiache. Pika tambi kwa maji vikombe viwili na nusu, maziwa kikombe kimoja yaingie mwishoni moto ukiwa mdogo, na kijiko cha siagi kama ipo. Sukuma ni ngumu kuliko mchicha, ikate nyembamba kabisa kama ya kukaanga na iingie tambi zikiwa nusu njia, dakika tano kabla. Kikibaki cha kesho kitakuwa kimeganda kama keki, usiogope, weka maji robo kikombe, moto mdogo, koroga, rojo linarudi.