Maswali ya Wasomaji: Reli ya Ngazi ya Nje, Masharti Yake na Bei Yake

SWALI: Fundi mshauri, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na sasa ninaishi na familia yangu Des Moines, jimbo la Iowa, ambako mwaka huu tumenunua nyumba yetu ya kwanza. Nyuma ya nyumba kuna baraza la mbao, lile ambalo watu wa hapa huliita deki, lililoinuka inchi 56 kutoka ardhini. Ngazi yake ina vikanyagio saba na haina kinga yoyote, isipokuwa ubao mmoja wa inchi sita uliolazwa bapa juu ya nguzo upande wa kushoto. Kampuni ya bima imetuandikia kwamba tuweke reli inayokubalika kisheria, la sivyo itasitisha bima. Fundi wa kwanza ametaka dola 1,150 kwa kazi yote, na wa pili dola 2,300. Baba mkwe wangu, mwenye miaka 78, anakuja kuishi nasi mwezi ujao, naye hutembea kwa mkongojo. Watoto wetu wawili hawajafikisha miaka mitano. Sheria inataka nini hasa, na nitajuaje ni bei ipi iliyo ya haki?
Mama wa watoto wawili, Des Moines

JIBU: Marahaba, mama, na hongereni kwa nyumba.

Kabla ya kulinganisha bei hizo mbili, tenganisha vitu viwili ambavyo mafundi wengi huvitaja kwa neno moja la reli. Cha kwanza ni kinga, yaani kizuizi kinachomzuia mtu asianguke pembeni. Cha pili ni kishikio, yaani ule mti au bomba ambalo kiganja hulikamata mtu anapopanda na kushuka. Mwongozo wa ujenzi wa nyumba za makazi unaofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani, unaojulikana kwa herufi IRC, umeviwekea vitu hivi masharti tofauti, na ngazi yako inadaiwa vyote viwili.

Kinga hutakiwa kila mahali ambapo sakafu imeinuka zaidi ya inchi 30 kutoka ardhini. Juu ya baraza lenyewe kimo chake kisipungue inchi 36. Kwenye ngazi kisipungue inchi 34, kikipimwa wima kutoka kwenye mstari unaogusa ncha za vikanyagio. Kishikio hutakiwa angalau upande mmoja wa ngazi yoyote yenye mainuko manne au zaidi, inuko likiwa ni kimo cha kutoka hatua moja hadi inayofuata. Ngazi yako ina mainuko manane ya inchi saba saba, kwa maana hatua ya mwisho ya kuingia barazani nayo huhesabiwa. Kimo cha kishikio kiwe kati ya inchi 34 na 38, nacho kiende bila kukatika kutoka juu ya inuko la kwanza hadi juu ya inuko la mwisho.

Nafasi kati ya fito za kinga hupimwa kwa kuwaza mpira. Barazani, mpira wenye kipenyo cha inchi 4 usiweze kupita. Ngazini imeruhusiwa nafasi kubwa kidogo, ambayo mpira wa inchi 4⅜ hauwezi kupita. Na katika ile pembetatu inayobaki kati ya kikanyagio, inuko na reli ya chini, kipimo ni mpira wa inchi 6. Vipimo hivi vimewekwa kwa ajili ya watoto wa umri wa hao wako, ambao mwili ukipenya mahali, kichwa hukwama. Kwa kikanyagio cha inchi 10 na fito zenye upana wa inchi 1½, fito mbili kwa kila kikanyagio huacha uwazi wa inchi 3½, na hivyo utahitaji fito 14 kwa kila upande.

Jambo linalonigusa zaidi katika barua yako ni ule ubao uliolazwa. Nenda leo jioni ukaushike, kisha ujifanye umeteleza. Utaona kwamba kiganja kinaweza kuukandamiza tu, kwa sababu vidole havina mahali pa kuzunguka na kidole gumba kimebaki upande wake peke yake. Mwongozo unataka kishikio cha mviringo kiwe na kipenyo cha kati ya inchi 1¼ na 2. Kisicho cha mviringo kiwe na mzingo wa kati ya inchi 4 na 6¼, na upana wake usizidi inchi 2¼. Mbao unayoinunua kwa jina la inchi sita ina upana halisi wa inchi 5½ na unene wa inchi 1½, kwa hiyo mzingo wake ni inchi 14. Mzee wa miaka 78, mkono mmoja ukiwa umeshika mkongojo na barafu ya Januari ikiwa juu ya vikanyagio, hataokolewa na ubao huo.

Ubao huo si lazima ung'olewe ikiwa nguzo zake ni imara. Kishikio cha mviringo kinaweza kufungwa ubavuni mwa nguzo kwa mabano, mradi kiache nafasi isiyopungua inchi 1½ kwa ajili ya vidole, na ncha zake zirudishwe kwenye nguzo ili zisije zikanasa mkono wa koti au kamba ya mkoba. Sheria ingeridhika na kishikio cha upande mmoja. Mimi nakuomba uweke pande zote mbili, kwa kuwa mkono anaoutumia mzee kupandia si ule utakaokuwa upande wa reli wakati wa kushuka.

Sasa tuje kwenye nguzo, ambako ndiko bei za mafundi hutofautiana pasipo mteja kujua. Kinga inatakiwa kustahimili msukumo wa ratili 200, yaani takriban kilo 90, juu kabisa ya reli. Nguzo ya inchi 36 iliyofungwa kwa bolti mbili zenye umbali wa inchi tano kati yake huwa kama mtaimbo: msukumo wa juu huifikia bolti ukiwa umezidishwa zaidi ya mara saba. Ndiyo maana misumari haifai, skurubu pekee hazifai, na kuichonga nguzo ya inchi nne nusu ya unene wake ili ikae vizuri ukingoni ni kuidhoofisha pale pale inapobeba mzigo. Niliwahi kuitwa kutazama reli iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu, nzuri kwa macho, rangi yake bado inang'aa. Nilipoisukuma kwa kiganja kimoja ilisogea kama jino bovu, na nilipofungua nikakuta skurubu nne zilizoliwa na kutu. Mbao nyingi zilizotiwa dawa zinazouzwa kwa ajili ya nyumba tangu mwaka 2004 zina shaba nyingi kuliko zile za zamani, na shaba hiyo hula chuma cha kawaida. Kwa hiyo, bolti, nati na mabano yawe yamechovywa katika zinki ya moto au yawe ya chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu bei, anza na urefu. Vikanyagio saba vya inchi 10 vinafanya inchi 70 zikipimwa chini kwa mlalo, lakini reli hufuata mteremko, na mteremko huo ni takriban inchi 85, yaani futi saba na ushei kwa kila upande. Fundi aliyepima chini atakuambia kwamba kipande cha dukani cha futi sita kinatosha, kisha katikati ya kazi atakuongezea bei. Muulize kila mmoja amehesabu futi ngapi, na je, amehesabu pia ukingo wa baraza, kwa maana inchi 56 zinadai kinga na huko vilevile. Usishangae futi moja ya ngazini ikiwa ghali kuliko futi moja ya barazani: kila fito na kila reli hukatwa kwa pembe, na mabano ya ngazi huuzwa peke yake.

Kisha waombe wote wawili waandike, kila kitu mstari wake: idadi ya nguzo na jinsi zitakavyofungwa, aina ya kishikio, vyuma, ada ya kibali, kubeba takataka, na ufundi. Nguzo za mbao zisiachane zaidi ya futi sita, kwa hiyo kila upande wa ngazi yako unahitaji tatu. Ikiwa nguzo ya chini itazikwa ardhini, shimo lifike inchi 42 ili barafu isiinyanyue, na namba 811, ya kuwaita watu wa kuonyesha mabomba na nyaya zilizozikwa, ipigwe siku kadhaa kabla ya kuchimba. Nashuku kwamba zile dola 1,150 hazina kibali wala bolti za kupitiliza, yaani zinazotoboa mbao hadi upande wa pili, ila ni karatasi ya fundi mwenyewe itakayokuambia. Akikataa kuiandika, mwache.

Kuna njia moja halali ya kupunguza gharama. Kinga hailazimishwi kwenye vikanyagio vilivyo chini ya inchi 30, na kwako hivyo ni vinne vya chini. Kama si hao watoto, ningekutajia bila wasiwasi. Mwisho, peleka mchoro kwenye ofisi ya majengo ya mji kabla ya kulipa malipo ya awali, kwa sababu IRC hutolewa upya kila miaka mitatu na kila mahali pana marekebisho yake. California, kwa mfano, hudai kinga ya inchi 42.

SWALI: Niko Mississauga, Kanada. Ngazi yetu ya mbele ina mainuko matatu tu, na baraza la nyuma lina kimo cha mita mbili. Je, vipimo ni hivyo hivyo?

JIBU: Hapana, ndugu. Kwenu ngazi ya nje ya nyumba ya familia moja isiyozidi mainuko matatu imesamehewa kishikio. Baraza la nyuma, kwa kuwa limepita mita 1.8, linadai kinga ya milimita 1,070 badala ya 900, na uwazi kati ya fito usipitishe mpira wa milimita 100.