Kabla Hujashika Keekee

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia picha ya shingo mpya ya gitaa lake ikiwa imekwama nusu kwenye mfuko, lile tundu la mwilini linalopokea shingo, na chini yake swali: "Kaka, niigonge kidogo na nyundo?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi enzi zangu sikumuuliza mtu. Niligonga. Ufa upo mpaka leo, umejificha chini ya lile bati la skrubu za shingo, na gitaa hilo simwachii mtu alifungue.

Huyo ni wa tatu ndani ya muda mfupi, na wote wanakosea palepale nilipokosea mimi. Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoagiza vipande kimojakimoja na kuunda gitaa la umeme wenyewe, hebu kaeni kidogo tuongee.

1. Vipande vyote viwe mezani kwanza.

Mchezo huu tunauweza kwa sababu Mmarekani mmoja mtengeneza magitaa, Leo Fender, kwenye magitaa aliyoanza kuyauza mwaka 1950, alishikiza shingo kwa skrubu badala ya gundi. Ndiyo maana leo shingo inatoka kwa muuzaji huyu, mwili kwa yule, na vinakutana kwako. Ila kukutana si kuoana. Chukua aina mbili za gitaa za Fender: kisigino cha shingo ya Stratocaster kina mviringo, cha Telecaster kimekatwa mraba. Mfuko wa kawaida una upana wa milimita 56 hivi, na hiyo "hivi" ndiyo iliyomkwamisha kijana wangu: rangi ilikuwa imejaa kwenye kona. Dawa yake ni msasa uliobandikwa kwenye kibao kilichonyooka, ukwangue rangi tu, ujaribu, ukwangue tena. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo, vya kisasa vinataka tundu la milimita 10, vya mtindo wa zamani vinataka dogo zaidi. Briji nazo, yaani chuma kinachoshika nyuzi mwilini, nyingine zina nafasi ya milimita 56 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, nyingine 52 na ushei. Ukiweka ile pana kwenye shingo nyembamba, uzi wa kwanza utakuwa unateleza nje ya ubao wa kubonyezea nyuzi kila ukiuvuta. Ukisoma tangazo limeandika "inaingia kwenye magitaa yote," cheka, kisha uombe vipimo.

2. Skrubu za shingo.

Toboa tundu la kuongoza, paka skrubu nta, kaza kwa mkono. Anayekazia maple, ile mbao ngumu ya shingo, kwa keekee atabaki na kichwa cha skrubu sakafuni na kiwiliwili chake ndani ya mbao.

3. Briji.

Hapa nivumilieni.

Gitaa langu la pili lilikuwa na mwili ambao haujatobolewa kabisa. Niliutaka hivyo makusudi, nijione fundi. Mbao nzuri, nimeipaka mafuta tu ili mistari yake ionekane, kwa hiyo hakuna rangi ya kuficha dhambi. Briji niliyochagua ni ya kupitisha nyuzi mwilini: matundu sita kutoka mbele hadi mgongoni, na kule nyuma vikombe sita vya chuma vya kushika vichwa vya nyuzi. Urefu wa uzi, kutoka nati (kile kipande chenye mifereji mwisho wa shingo, karibu na vigingi) hadi briji, ni inchi 25.5, yaani milimita 648 kasoro kidogo. Nikapima. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, nikajisifu kwa uangalifu, nikatoboa.

Shida ni kwamba mara zote tatu niliegemeza ncha ya rula upande wa nati unaotazama vigingi. Uzi hauanzii huko. Unaanzia ukingo unaotazama freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Nati yenyewe ina unene wa milimita tatu, kwa hiyo tayari nilikuwa nimeisogeza briji mbele kwa kiasi hicho. La pili ni baya zaidi. Briji ilitoka kwenye boksi sadoli zote, vile vipande vyake vinavyobeba nyuzi na kusogezwa mbele au nyuma, zikiwa zimevutwa nyuma kabisa, mwisho wa safari yake, nami nikaziacha hivyohivyo na kulenga mstari wangu kwazo. Mnaojua mshaanza kushika vichwa. Uzi wa sita hautosheki na 648, unataka 651, 652, wakati mwingine zaidi, kwa sababu uzi mnene ukibonyezwa sauti yake hupanda. Wangu ulikuwa na 645 na hauna pa kurudi.

Nikafunga nyuzi. Haromoniki ya freti ya 12, yaani uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa, ikasema E. Nikabonyeza palepale, sindano ya tyuna, kipima sauti cha nyuzi, ikakimbilia kulia, upande wa sauti kupanda, kama imefukuzwa. Kodi ya E, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, kule chini ilikuwa tamu, huku juu ilikuwa ugomvi wa majirani.

Nilimlaumu nani? Shingo, bila shaka. Nikamwandikia aliyeniuzia barua ya aya nne. Nilitumia neno "uzembe". Akanijibu kwa upole unaoumiza kuliko tusi: naomba upime kutoka ukingo wa mbele wa nati hadi freti ya 12, unapata ngapi? Nikapima. Milimita 324, nusu kamili ya urefu wa uzi. Rula ilikuwa bado ipo palepale, kwenye ukingo wa mbele, ndipo nikaona ule mwanya wa milimita tatu kati ya rula na mahali nilipokuwa nimeiegemeza siku ile. Nilikaa kimya muda mrefu. Barua ya kuomba radhi ilikuwa na aya moja.

Nikahangaika. Nikatoa springi za sadoli, nikazigeuza nyuma mbele, nikaambulia milimita moja na nusu. Mwishowe nikaziba matundu yote kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, nikairudisha briji nyuma milimita saba, nikatoboa upya. Mbele hakuonekani kitu, bati la briji limefunika. Mgongoni sasa: kikombe kina upana wa milimita nane, nami nimesogea saba, kwa hiyo kila kikombe kipya kimeuma kiraka cha zamani na kuacha kipande nje. Miezi sita iliyomegwa ukingoni, imejipanga mstari. Wageni hudhani ni nakshi. Mmoja aliniuliza kiolezo nilikipata wapi.

Kwa hiyo: sadoli ya uzi wa kwanza iwe karibu na mwisho wake wa mbele, mahali uzi unapoigusa pawe 648 kutoka ukingo wa nati unaotazama freti, na nafasi yote iliyobaki iwe nyuma. Kisha funga uzi wa kwanza na wa sita kwa muda, uone kama zinapita sawa kingo zote mbili za ubao. Shingo nayo iwe imekazwa mahali pake, si imeegeshwa.

4. Umeme.

Pikapu, vile vinasa sauti chini ya nyuzi, za koili moja zipe poti (vile vifundo vya kuzungusha sauti) za kilo-omu 250, za koili mbili 500. Msisahau waya wa graundi kwenda kwenye briji. Mimi niliusahau, nikanunua pikapu mpya bure. Dalili ilikuwa wazi kabisa: nikishika jeki, pale waya wa spika unapochomekwa, muungurumo unanyamaza, nikishika nyuzi unaendelea kama hanioni.

5. Rangi.

Unganisha kila kitu kabla ya kupaka, piga nyimbo mbili tatu, ndipo ulibomoe ukapake. Ikikauka inuse, ikiwa bado inanuka, haijakauka, hata kidole kikisema vingine.

Nilikuwa na la sita, kuhusu kuchonga mifereji ya nati, lakini yule wa nyundo ameniandikia sasa hivi. Shingo imeingia, anashukuru sana. Ila anauliza mbona briji yake ina matundu sita na mwili wake hauna hata moja, na kwamba rula anayo tayari. Nimemwambia aweke keekee chini, asiguse kitu, nakuja.