Mwenye shida ni mtoto, mbona tunaitwa wote?

SWALI: Binti yangu ana miaka 9. Aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka 4, lakini ameanza tena miezi mitano iliyopita, muda mfupi baada ya mimi na baba yake kutengana. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa, wakatuelekeza kwa mtaalamu wa ustawi wa jamii. Nimempeleka mara tatu. Wanachora na kucheza na vikaragosi tu, na mtaalamu haniambii wanazungumza nini. Sasa anataka twende sote, pamoja na baba yake na kaka yake. Je, hii ni tiba kweli, na sisi wengine tunahusikaje?

JIBU: Mama, umefanya vyema kuanzia hospitali. Mtoto aliyekaa mkavu kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena kukojoa usiku hupaswa kuchunguzwa kwanza kama ana maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, au hata tatizo la kufunga choo, kwa kuwa choo kigumu hukibana kibofu.

Nianze na wito wa familia nzima, kwa maana naona ndio uliokuumiza, kana kwamba mmeitwa kujibu mashtaka. Katika kazi yetu tunafundishwa kumtazama mtu pamoja na watu anaoishi nao. Virginia Satir wa Marekani, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, alikuwa mtaalamu wa ustawi wa jamii, na alianza kukutana na familia nzima mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mimi ningetaka kujua mambo madogo sana: shuka ikilowa, ni nani anayeamka kwanza, nani anayeibadilisha, nani anayecheka, na je, baba hupigiwa simu? Huenda tukagundua kwamba mazungumzo pekee ambayo ninyi wazazi huyamaliza bila kugombana ni yale ya asubuhi baada ya mtoto kukojoa. Hilo halina maana kwamba mtoto amepanga. Aliyelala hakiamuru kibofu chake, na kumwadhibu humwongezea hofu tu. Lina maana kwamba nyumba imejipanga kuizunguka dalili hiyo bila mtu yeyote kukusudia, na mpangilio huo hauwezi kubadilishwa na mtoto peke yake. Juma moja lina saa 168, na mtaalamu anakuwa naye kwa saa moja tu kati ya hizo.

Katika kikao cha pamoja pengine mtachorewa ramani ya ukoo wa vizazi vitatu, na kila mmoja ataulizwa anavyoyaona mabadiliko ya nyumbani, kaka mtu akiwemo, ambaye mara nyingi husahaulika kwa sababu tu kitanda chake ni kikavu. Jambo moja ni la lazima: ikiwa uliwahi kupigwa au kutishwa na baba wa watoto, mweleze mtaalamu mkiwa peke yenu kabla ya siku hiyo. Katika hali hiyo hatuwakalishi wazazi chumba kimoja. Kila mmoja huonwa kwa wakati wake.

Kuhusu michezo, mtoto wa miaka 9 anaweza kuwa anawapenda wazazi wawili wasioelewana na asiwe na maneno ya kulisema hilo, lakini kikaragosi kinaweza kulisema kwa niaba yake. Tahadhari moja: michoro haisomwi kama kamusi. Nimewahi kuona mtu akitangaza kuwa mtoto ana huzuni kwa sababu alichora jua jeusi, kumbe kalamu ya njano ilikuwa imevunjika. Vipindi vitatu vya mwanzo, kwa kawaida, ni vya kujenga imani.

Kuhusu usiri, hapo una haki ya kulalamika kidogo. Mipaka yake ilipaswa kuelezwa siku ya kwanza, wewe na mtoto mkiwapo: kwamba maneno yake hayarudishwi nyumbani neno kwa neno, kwamba mzazi hupewa picha ya jumla ya maendeleo, na kwamba mtoto akisema anaumizwa, au anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine, siri hiyo haifichwi. Muulize waziwazi. Muulize pia mnalenga nini na mtapimaje, kwa mfano kwa kuhesabu usiku mkavu katika kila juma, na ni lini mtakaa kutathmini.

Baba akikataa kuja, anzeni bila yeye. Na kabla ya kwenda, mwambie binti yako kwamba mnakwenda wote kwa sababu maisha ya nyumbani yamebadilika kwa kila mmoja wenu, wala si kwa sababu ya kitanda chake.