Mteja wa Ujerumani anataka kujua nani anachuma parachichi zangu

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nakusanya parachichi za Hass kwa wakulima wadogo huku Njombe, nauzia kampuni moja ya Dar inayopeleka Ulaya. Sasa wameniletea fomu ndefu hiyo, eti mteja wao wa Ujerumani anataka kujua vibarua wanalipwaje, nani anapiga dawa, kuna watoto shambani au hakuna. Ukweli ni kwamba shule zikifungwa watoto wanasaidia wazazi wao kuchuma. Jirani kaniambia niandike "hapana" kila sehemu maisha yaendelee. Hivi hao Wazungu haya yanawahusu nini?
Mkusanyaji, Njombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jirani muache kwanza.

Yanawahusu, tena kisheria. Tangu Januari 2023 Ujerumani ina sheria inayobana makampuni makubwa, ilianza na yenye wafanyakazi 3,000 na kuendelea, 2024 ikashuka hadi 1,000, wafuatilie haki za watu huko mali inakotoka, wakizembea kuna faini. Kwa hiyo sio umbea. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises pale Karachi, Pakistani, kiliungua wakafa watu zaidi ya 250, madirisha yana nondo, milango imefungwa, na mnunuzi wao mkubwa alikuwa KiK, Wajerumani haohao. Na wiki chache tu kabla ya moto kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kile kinachosema wafanyakazi wako salama! Ndio hizo "hapana" za jirani yako sasa.

Kuhusu watoto, sheria yetu ya ajira ya 2004 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kwa hiyo wa miaka 15 akichuma ya chini wakati wa likizo sio kesi, ila wa miaka 9 juu ya mti, au yeyote chini ya 18 kabeba bomba la dawa mgongoni, hapo una tatizo na unalijua. Andika hali ilivyo, umri wao, wanafanya nini, saa ngapi, na utabadilisha nini msimu huu. Usiogope kwamba watakukimbia kesho, sheria yao yenyewe inamtaka mnunuzi arekebishe kwanza pamoja na muuzaji, kukata biashara ni hatua ya mwisho kabisa.

Ila usisaini kama kipofu. Angalia kurasa za mwisho, mara nyingi ndiko wanakoficha kile kipengele cha "muuzaji anahakikisha hakuna kosa lolote na gharama zote ni zake". BAFA, ofisi inayosimamia hiyo sheria kule, imeshasema mnunuzi haruhusiwi kumtupia muuzaji majukumu yake yote. Kwa hiyo na wewe uliza: glavu, barakoa na mafunzo ya dawa analipa nani? Na hizi oda za ghafla je, maana mtu anayetaka kontena lijae kwa siku mbili kwa bei ileile ya mwaka jana, mkulima hana hela ya kuongeza kibarua, anaita nani kama sio wanawe? Hilo kwenye fomu zao hulioni, nami linanikera sana.

Muulize huyo wa Dar kwa maandishi kabla hamjaanza kuchuma, na jibu lake litunze, mkaguzi akija mwonyeshe.